Mashine ya sikio kwa mzee: ajipimie kwa simu au aende kwa mtaalamu?

Muuza samaki pale soko la Deep Sea, Tanga, anasema "elfu sita", mzee anahesabu elfu tisa. Siku nyingine anaambiwa tisa, anatoa sita na kuondoka zake, na kijana wa samaki anamfuata nyuma akidhani anafanyiwa makusudi. Nyumbani anasikia adhana, anasikia mlango ukibishwa, anasikia radio, lakini ukimuuliza "nikuletee taa?" anakujibu saa ngapi.

Hapo hakuna uchawi wala ukaidi. Sita na tisa zina irabu zilezile, kwa mpangilio uleule. Kinachozitenga ni s na t kupeana nafasi tu. Irabu ni sauti zenye nguvu, na nguvu yake kubwa iko chini ya hezi 1000 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde). S, f, sh, t na k ni sauti nyembamba na hafifu, nyingi zikiwa kati ya hezi 2000 na 8000. Uzee hula usikivu kuanzia huko juu. Mzee anabaki na irabu, konsonanti zinayeyuka, kwa hiyo anajua kuwa mtu anaongea ila hajui anasema nini. Ndiyo maana wazee wengi hawasemi "sisikii". Wanasema "nyinyi watoto mnaongea kama mna tende mdomoni", na kwa jinsi sauti inavyowafikia, wanasema kweli.

Ukipaza sauti unaongeza irabu, ambazo tayari alikuwa nazo. Ukipaza zaidi anakwambia "usinipigie kelele, mimi si kiziwi." Hilo nalo ni kweli. Sikio lililozeeka linakosa sauti ndogo, lakini kubwa linaipata kama zamani, pengine kwa ukali zaidi. Nafasi iliyopo kati ya "sijasikia" na "unaniumiza" imekuwa finyu.

Kwa hiyo kazi ya mashine ya sikio, ambayo vitabuni huitwa shimesikio, ni kupandisha sauti nyembamba zilizo hafifu, kuziacha nzito karibu zilivyo, na kuzuia kubwa zisivuke mpaka wa kuumiza. Bluetooth, rangi ya ngozi na kasha la kuchajia ni mambo ya baadaye. Swali la kujipimia au kupimwa ni swali la nani atakayeipanga kazi hiyo kwa sikio la mzee huyu, na nani atakayekuwepo kuirekebisha wiki ya pili.

Vitu vitatu vyenye jina moja

Madukani na mitandaoni, vitu vitatu tofauti vinauzwa kwa jina hilohilo.

Cha kwanza ni kikuza sauti. Kina gurudumu moja au vitufe viwili vya kuongeza na kupunguza. Hakipimi chochote. Kinapandisha kila kitu kwa pamoja: maneno, pangaboi, jenereta ya jirani, masufuria. Ukiona boksi linajisifu kwa desibeli 130 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lisome kama onyo. Kanuni za Marekani kwa mashine zinazouzwa bila kupitia kwa daktari zinataka sauti inayotoka isizidi desibeli 111, au 117 kama mashine ina mfumo wa kubana sauti kubwa. Mashine zinazofika 130 zipo, ila ni za watu wenye upungufu mkubwa mno, na zinafungwa kwa vipimo. Kikuza sauti kitamsaidia mzee kusikiliza taarifa ya habari kwa nusu saa. Cha kuvaa kutwa, hapana.

Cha pili ni mashine ya kujipimia. Hii ni mashine kamili, inaunganishwa na simu, simu inapiga milio, mzee anajibu, na programu inaipanga mashine kulingana na majibu. Marekani ilifungua mlango wa kuziuza bila cheti cha daktari tarehe 17 Oktoba 2022, kwa watu wazima wa miaka 18 na zaidi wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Septemba 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, iliidhinisha programu inayozifanya AirPods Pro 2, spika za masikioni za Apple, zifanye kazi hiyo. Hizi ndizo zinazofika Tanga ndani ya begi la ndugu anayerudi likizo. Kabla hajanunua, akague kama huduma hiyo imefunguliwa kwa nchi ambako itatumika, na akumbuke kuwa AirPods hizo zinapangwa kwa iPhone au iPad. Mzee mwenye simu ya vitufe ataletewa pambo.

Cha tatu ni mashine inayofungwa na mtaalamu wa usikivu. Kwa nje inaweza kufanana kabisa na ya pili. Tofauti iko kwenye vipimo na kwenye mtu.

Kuna tafiti nzuri za kulinganisha ya pili na ya tatu. Ya Chuo Kikuu cha Pretoria, iliyochapishwa 2023, iligawa watu wazima 68: kundi moja lilijipimia, lingine likafungwa na mtaalamu, kwa mashine ya aina moja. Baada ya wiki 6 hapakuwa na tofauti ya maana. Ya Chuo Kikuu cha Indiana, ya 2017, ambako kundi moja lilijichagulia mashine zilizopangwa tayari, ilikuta manufaa yanayokaribiana, ila waliohudumiwa na mtaalamu waliridhika zaidi na wengi zaidi walitaka kubaki na mashine zao. Watu hutaja tafiti hizi kana kwamba mtaalamu amestaafishwa. Lakini washiriki walichujwa kwanza. Waliobaki ni wenye upungufu mdogo hadi wa kati, masikio yasiyo na ugonjwa. Chujio hilo ndilo linalokosekana mtu anapoagiza boksi mtandaoni, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Sikio kwanza, mashine baadaye

Yapo masikio yasiyotakiwa kuguswa na mashine ya kujipimia hata kama ni ya bure. Sikio lililopoteza usikivu ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo, ni dharura. Dawa yake hufaa ikianzwa mapema, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Vilevile sikio linalotoa usaha, damu au maji, sikio linalouma, kizunguzungu, mlio unaosikika upande mmoja tu, na upungufu ulio upande mmoja au uliozidi sana upande mmoja. Uzee hula masikio yote mawili kwa kukaribiana. Ukila moja tu, kuna jambo jingine. Ongeza hapo mzee aliyewahi kuchomwa sindano za muda mrefu za kifua kikuu. Baadhi ya dawa hizo huharibu sikio la ndani, na upungufu wake huwa mkubwa kuliko unavyoonekana.

Halafu kuna nta. Huku kwetu sikio likiziba linatiwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, likikuna linaingizwa unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti au pamba ya kijiti. Unyoya na njiti husukuma nta ndani hadi inakuwa kizibo. Mafuta, kama ngoma ya sikio imetoboka bila mtu kujua, yanaingia kusikotakiwa. Na hata ngoma ikiwa nzima, mafuta yanaziba kichujio cha mashine ndani ya siku mbili. Wapo wazee ambao shida yao yote, au nusu yake, ni nta. Kuwapima kwa simu huku kizibo kimo ndani ni sawa na kupima macho ya mtu aliyevaa miwani yenye vumbi: utapata jibu, na litakuwa la vumbi.

Kwa hiyo, kwa mtu wa Tanga, hatua ya kwanza si duka wala mtandao. Ni kuangaliwa ndani ya sikio kwa taa. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au kituo cha karibu chenye mtu anayejua kutumia kile kitaa. Ikihitajika rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili kule Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zina idara hiyo.

Ukishajua sikio ni safi, fanya kipimo hiki cha nyumbani ili ujue mzee yuko upande gani. Simama nyuma yake kwa urefu wa mkono, asione midomo yako. Mwombe akandamize kwa kidole kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio lisilopimwa, na akisugue kwa kuzungusha. Toa pumzi yote kwanza, ndipo unong'one maneno matatu: *sita, kaa, taa.* Akirudia yote, sikio hilo limepita. Akikosea, nong'ona mengine matatu: *saa, tisa, kata.* Akipata angalau matatu kati ya sita, bado amepita. Badili upande, badili maneno. Ukinong'ona bila kutoa pumzi kwanza, mnong'ono unakuwa mkubwa mno na kipimo kinakudanganya. Andika alama zake na tarehe, zitahitajika tena.

Akifeli mnong'ono, kaa mita moja mbele yake, funika mdomo kwa kitambaa chepesi, ongea kwa sauti ya kawaida. Akirudia maneno mengi, yuko kwenye eneo la upungufu mdogo, na mashine ya kujipimia inaweza kumfaa. Akihitaji upaze sauti kwa mita hiyohiyo, yuko kwenye eneo la kati, ukingoni: inaweza kufaa, inaweza kushindwa. Akisikia pale tu unapopiga kelele karibu na sikio, acha habari za simu. Huyo anahitaji mashine yenye nguvu na moldi, plastiki ya kuchongwa kwa umbo la sikio lake, na hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Kujipimia kwa simu, na mahali panapoharibika

Kipimo chenyewe huchukua dakika 10 hadi 20. Simu inapiga milio midogo kupitia mashine iliyo sikioni, nzito hadi nyembamba, sikio moja kisha lingine, na mzee anagusa kioo kila akisikia. Makosa ni yaleyale karibu kila mara.

Kelele za nyumba. Pangaboi peke yake linatosha kufunika milio mizito, kisha programu inaamini mzee hasikii sauti nzito na inampandishia mvumo. Zima pangaboi, zima friji kwa robo saa, ondoa simu nyingine. Chagua chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na nguo nyingi, si ukumbi wa saruji tupu. Saa nzuri ni asubuhi baada ya sala ya Alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka. Mvua ikianza juu ya bati, ahirisha.

Upande kugeuzwa. Kwenye mashine nyingi kuna alama ndogo: nyekundu ni sikio la kulia, bluu ni la kushoto. Ya kukumbusha ni kwamba aliyelia macho huwa mekundu. Zikigeuzwa, kila sikio linapata dawa ya mwenzake, na mzee atasema tu "hii haifai" bila kujua kwa nini.

Macho ya mtoto. Mzee anapima huku akimtazama mwanawe, na mwanawe bila kujua anatikisa kichwa kila mlio ukionekana kwenye kioo. Kaa nyuma yake. Kama vidole vinatetemeka, yeye ainue mkono na wewe uguse kioo, ila usiguse bila mkono.

Na kubwa kuliko yote ni kikofia. Ile mpira laini inayoingia sikioni huja kwa ukubwa tofauti, na ina aina mbili kuu: yenye matundu na iliyoziba. Watu huacha kile kilichokuja kimevalishwa kiwandani, wanarukia programu. Kikilegea, sauti nzito zinavuja nje, kipimo kinaharibika, na baadaye mashine inapiga mluzi. Kikibana, mzee anapata kidonda na anaificha kabatini. Kipime hivi: vuta sehemu ya juu ya sikio nyuma na juu kwa mkono mmoja ili tundu linyooke, sukuma kikofia kwa kidole cha mkono mwingine hadi waya mwembamba ulale bapa kwenye ngozi. Waya ukibaki umetuna kama mkono wa birika, hakijaingia vya kutosha au ni kikubwa. Mpe mhogo wa kukaanga atafune. Kikitoka nje anapotafuna, panda ukubwa mmoja. Kisha aseme "iii" ndefu. Sauti yake ikivuma kama yumo ndani ya mtungi, kimeziba mno kwa sikio lake, badili kwa chenye matundu. Anayesikia sauti nzito vizuri, na wazee wengi wa upungufu mdogo ndivyo walivyo, anataka chenye matundu. Upungufu ukizidi, kilichoziba.

Ukibadilisha kikofia, kivute kwa nguvu kidogo uhakikishe kimeshika. Kikibakia ndani ya sikio, usikifuate kwa kibano wala pini. Hospitali.

Baada ya kubadilisha kikofia, kipimo kirudiwe. Hatua hii hurukwa karibu na kila mtu.

Mtaalamu anafanya nini ambacho simu haiwezi

La kwanza ni mfupa. Baada ya kupima kwa hedifoni kwenye chumba kisichopitisha kelele, anaweka kitufe kinachotetema kwenye mfupa nyuma ya sikio na kupima tena. Sauti za mfupani zikisikika vizuri kuliko za hewani, tatizo liko nje au katikati ya sikio: nta, ngoma iliyotoboka, majimaji nyuma ya ngoma. Mengi ya hayo yana tiba, na mengine hayahitaji mashine kabisa. Milio ya simu hupita hewani tu, haiwezi kutofautisha.

La pili ni kupima ndani ya sikio huku mashine imevaliwa. Mrija laini mwembamba kama tambi unaingizwa hadi karibu na ngoma, mazungumzo yanapigwa kwenye spika mbele ya mzee, na kompyuta inaonyesha sauti inayofika kweli mwisho wa tundu. Inalinganishwa na lengo lililokokotolewa kutoka kwenye vipimo vyake. Kanuni ya NAL-NL2 ya Australia ni mojawapo inayotumika sana. Haja ya kufanya hivi ni kwamba matundu ya masikio hayafanani. Makadirio ya kompyuta yanaweza kukosea kwa desibeli 10 na zaidi, hasa kwenye sauti nyembamba, zilezile za sita na tisa.

Sasa niseme ninachoamini, wenye fani wanisamehe: mtaalamu asiyepima ndani ya sikio, anayechomeka mashine kwenye kompyuta, kubonyeza kitufe cha mpango wa kwanza na kukuaga, hajafanya zaidi ya simu. Amekadiria kwa kompyuta kubwa zaidi. Uliza kabla ya kulipa: "Utapima sauti ndani ya sikio mashine ikiwa imevaliwa?" Jibu lake lina uzito kuliko jina la kampuni kwenye boksi.

La tatu ni moldi, ile plastiki iliyochongwa kwa umbo la sikio lenyewe. Kabla ya kumimina silikoni, lazima aweke ndani kisponji chenye uzi kinachozuia isifike kwenye ngoma. Inakaa dakika 5 hivi, inavutwa. Anayemimina bila kisponji, mzee ainuke aondoke. Mzee akikonda sana baada ya ugonjwa, moldi inalegea na kuanza kupiga mluzi. Hiyo ni kazi ya moldi mpya, si ya kupunguza sauti.

Ubaya wa njia hii kwa mtu wa Tanga ni safari. Kama huduma anayoihitaji iko Dar, ni kilomita 350 hivi kwenda, na safari si moja: kupimwa na kuchukuliwa moldi, kufungwa, kurekebishwa baada ya wiki mbili hadi nne. Mzee wa miaka 78 na basi la alfajiri mara tatu ni gharama ambayo haiko kwenye risiti. Uliza kama marekebisho yanaweza kufanywa kwa simu kutoka mbali. Mashine nyingi za sasa zinakubali. Uliza pia kama mashine imefungwa kwa programu ya muuzaji mmoja. Ikiwa imefungwa, siku akihama au akifunga duka, hakuna fundi mwingine atakayeigusa.

Ipo njia ya katikati, na kwa mzee mwenye upungufu mdogo hadi wa kati ndiyo ningeipendekeza kwanza. Apimwe hospitali, hewani na mfupani, upewe nakala ya odiogramu. Ni karatasi yenye vialama: duara jekundu sikio la kulia, msalaba wa bluu la kushoto. Programu kadhaa za kujipimia, ya Apple ikiwemo, zinakubali kuingiziwa odiogramu badala ya kupima upya kwa milio. Hapo umepata chujio la daktari na chumba kisicho na kelele, kisha marekebisho unayafanya nyumbani. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa Machi 2024 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, linaruhusu sehemu ya kazi hii ifanywe na watu waliofunzwa ambao si wataalamu kamili. Hawapo kila mahali, ila wazo ni hilohilo: aliye karibu na mzee ndiye atakayeifanya mashine ivaliwe.

Neno kuhusu mashine ya marehemu. Babu akifariki, mashine yake hupewa bibi. Ilipangwa kwa masikio ya babu. Kama haijafungwa kwa muuzaji, mtaalamu anaweza kuipanga upya, na moldi au vikofia vibadilishwe. Isivaliwe ilivyo.

Wiki sita za kwanza

Siku ya kwanza saa moja au mbili, ndani ya nyumba tulivu, akiongea na mtu mmoja. Wiki ya pili saa nne. Wiki ya tatu au ya nne, kutwa. Asianze na harusi. Atalalamika kuhusu ndala zinazoburuzwa, maji ya bomba, gazeti likikunjwa. Hizo ni sauti alizozisahau, na ubongo unahitaji siku kadhaa kuzirudisha nyuma.

Kosa la watoto ni kuongeza sauti kwa kila lalamiko, kwa sababu kitufe hicho ndicho wanachokiona. Sauti kuvuma kama mtungini ni kikofia au sauti nzito. Vijiko vinavyokata masikio ni sauti nyembamba au mpaka wa juu, ila ngoja wiki mbili kabla ya kugusa. Mluzi: kwanza sukuma kikofia, kisha angalia nta, kisha ukubwa, na mwisho kabisa ndipo upunguze. Badili kitu kimoja, kaa nacho siku tatu, kiandike. Ukigeuza vitatu kwa mpigo hutajua kilichosaidia.

Ikikaa kimya kabisa, ifumbate kiganjani. Ikipiga mluzi, iko hai, na tatizo liko sikioni. Isipopiga, badili betri au ichaji, halafu badili kichujio cha nta, kile kitundu cheupe mwisho wa spika, halafu angalia vitundu vya maikrofoni kama vina poda au mafuta. Kwa mpangilio huo. Kichujio kilichoziba ndicho kinachozipeleka mashine nzima kwa fundi bila sababu.

Msikitini, imamu anayesikika kupitia spika za kuta nne ni mgumu kwa mashine yoyote, ya bei rahisi au ghali, kwa sababu mwangwi unafika na neno pamoja. Akae safu ya mbele. Ushungi na kofia ya vito vikisugua maikrofoni vinatoa sauti kama karatasi. Mtandio ulegezwe juu ya sikio au uwe kitambaa laini.

Pwani na mashine

Adui wa mashine huku kwetu ni unyevu na jasho, kisha udhu. Mara tano kwa siku maji yanapita kichwani na masikio yanapanguswa. Mashine itoke kabla, iwekwe kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, si ukingoni mwa birika wala mfuko wa kanzu, maana kanzu itaingia kwenye beseni la kufulia na mashine ndani. Baada ya udhu, kausha sikio kwa ncha ya taulo, subiri dakika chache, rudisha kabla ya hotuba kuanza.

Usiku iwekwe kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na silika ya kunyonya unyevu, ile ya vipunje vinavyobadilika rangi vikishiba. Mlango wa betri uwe wazi, na betri yenyewe itoke, kwa sababu silika inaikausha nayo. Mchele hausaidii kitu, unaacha vumbi la wanga kwenye vitundu. Ukiona matone ndani ya mrija wa moldi, yatoe kwa kipulizio cha mpira. Pumzi ya mdomo inaongeza unyevu. Mrija ubadilishwe kila miezi 3 hadi 6, au mapema ukikakamaa.

Betri za kawaida zina hewa na zinki, na rangi ya stika ndiyo saizi: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Ukibandua stika, hewa inaingia kwenye vitundu na betri inaanza kufa hata kama haitumiki, kuirudishia hakuizuii. Iache wazi dakika chache kabla ya kuifungia ndani. Fundi saa anaweza kukupa LR44, ambayo kwa umbo inaingia vizuri mahali pa 675. Itawaka, kisha itaisha mapema sana, kwa sababu inabeba sehemu ndogo tu ya nguvu ya ile ya zinki. Betri zisiwekwe kwenye friji. Na zisiachwe mezani penye wajukuu. Mtoto akimeza ni hospitali moja kwa moja.

Mashine za kuchaji zinawafaa wenye vidole vigumu, lakini zinamtegemea Tanesco. Pawabenki moja ikae na kasha la mashine, isihamie kwenye simu za vijana.

Wiki ya sita, simama tena nyuma ya mzee kwa urefu wa mkono, mashine ikiwa sikioni; safari hii asikandamize sikio lolote. Toa pumzi, nong'ona. Linganisha na alama ulizoandika mwanzo. Kama hazijapanda, badili kikofia, pima upya kwa simu, mpe wiki mbili. Zikikataa tena, chukua odiogramu, kasha na daftari la marekebisho, mkatie tiketi ya kwenda kwa mtaalamu.